KALAMU ZIMELALA, VIGOGO WANAKULA!

Ndugu msomaji, nimekuona asubuhi. Ulisimama pale kwenye meza ya magazeti, mikono mfukoni, wewe na wenzako wapatao kumi, mnasoma vichwa vya habari bure. Mkabishana Simba na Yanga dakika tano, mkapanda daladala. Hakuna aliyetoa hata senti.

Sikulaumu. Ungenunua nini? Waziri amezindua! Mkuu wa mkoa ameagiza! Mkurugenzi ametoa wito! Katibu wa chama hiki amemjibu katibu wa chama kile! Habari ya nani kala, kala kiasi gani na kala na nani, huioni. Magazeti yamegeuka vipaza sauti. Mkubwa akikohoa, yanaandika amekohoa.

Je, ndivyo ilivyokuwa siku zote? Hapana!

Mwaka 1993 mimi na wengi wenu tulikuwa hatujazaliwa. Waulize wazee, watakutajia Stan Katabalo, mwandishi wa gazeti la Mfanyakazi. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa na mwaka mmoja tu. Katabalo akafukua jinsi kitalu cha uwindaji cha Loliondo, kule Ngorongoro, kilivyokabidhiwa kwa brigedia kutoka Falme za Kiarabu. Hakusubiri kuitwa kwenye mkutano na waandishi wa habari. Nani angemwita kumweleza mambo yale? Alifariki mwaka huohuo, lakini jina la Loliondo halijatoka midomoni mwa Watanzania mpaka leo.

Njoo 2007. Septemba mwaka ule Dk. Willibrod Slaa alisimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma hadharani orodha ya aliowaita mafisadi. Kalamu zikaingia kazini. Fedha za EPA, shilingi bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu kupitia makampuni 22, zikajulikana hadi vijiweni. Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa. Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura 2006 bila kuwa na uwezo wa kuuzalisha, ikaandikwa na kuandikwa tena. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 7, 2008 Edward Lowassa akajiuzulu. Waziri Mkuu mzima!

Lakini kazi ile ilikuwa na gharama. Januari 2008 watu walivamia ofisi ya MwanaHALISI, wakammwagia Saed Kubenea tindikali usoni na kumkata Ndimara Tegambwage kwa panga kichwani. Gazeti hilo likafungiwa 2012 bila kikomo. Mahakama ikalifungua 2015, serikali ikalifungia tena 2017 kwa miezi 24. Septemba 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini, kijijini Nyololo, mkoani Iringa, na askari polisi akaja kufungwa kwa kifo hicho. Novemba 21, 2017 Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alitoweka. Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi. Wa kujitegemea, kama mimi! Mtu asiye na ajira ya kudumu ndiye aliyekuwa akiandika habari nzito kuliko zote nchini.

Februari 2022 serikali ilirudisha leseni za magazeti manne: MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Tulishangilia. Lakini leseni hurudi kwa siku moja. Waandishi waliotawanyika, wasomaji waliozoea simu, na watumishi waliokuwa wakitoa nyaraka usiku usiku, hao hawarudi kwa siku moja.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusisingizie vitisho peke yake. Tumbo nalo lina kesi ya kujibu.

Nikupe kisa changu. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hizo 4 za vijana ni zako wewe, wa bodaboda na wa mitumba. Mwaka 2022 nilipata orodha ya vikundi vya vijana vilivyokopeshwa na halmashauri moja. Nikavitafuta kwa miguu wiki tatu, nauli yangu mwenyewe. Anwani ya kikundi kimoja ilikuwa saluni ya kunyolea, na kinyozi hajawahi kukisikia. Mwenyekiti wa kingine nilimkuta anauza viatu vya mtumba. Aliniambia alichukuliwa kitambulisho chake kwa ajili ya semina. Hakujua kama yeye ni mwenyekiti, wala kama anadaiwa mamilioni!

Nikapeleka habari kwa mhariri wa gazeti nililokuwa nikiliandikia. Akaisoma yote. Akasema, "Mdogo wangu, habari nzuri. Lakini unajua ukurasa wa tisa umelipiwa na nani?" Nikaufungua. Tangazo la halmashauri ileile, ukurasa mzima, na picha ya mkubwa anacheka.

Habari ikalala kwenye droo. Sisi wa kujitegemea tunalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, wiki tatu zimekwenda na maji. Kesho yake nikapangiwa semina hotelini: chakula, soda, na wakati wa kutoka bahasha ya kaki. Niliichukua. Sikufichi, niliichukua, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Habari ya semina ikatoka ukurasa wa tatu na jina langu juu yake.

Umeona mchezo? Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenimwagia tindikali. Kuchimba kunatia njaa, kutochimba kunalipwa!

Mwaka 2023 mikopo ile ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Nani aliyafichua? Mkaguzi Mkuu, CAG. Kila mwaka ripoti yake inapofika bungeni, magazeti yananakili mabilioni wiki moja, kisha kimya. CAG anakagua makaratasi. Kazi ya mwandishi ni kwenda kwa kinyozi na kwa muuza viatu kuuliza. Nani anakwenda?

Wakubwa wanasema dawa ni shule. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zikaweka kiwango cha chini kuwa diploma. Mimi niliishia kidato cha nne. Kwa kipimo hicho mimi ni kanjanja. Sipingi shule, ningeipata ningesoma. Lakini aliyeiweka habari yangu kwenye droo alikuwa na shahada!

Na sisi wa mageuzi tusijifanye watakatifu. Magazeti yetu nayo yanajaza hotuba za viongozi wetu kutoka jalada hadi jalada. Kumtukana kigogo si uchunguzi. Uchunguzi ni nyaraka, tarehe, kiasi na jina, na hata mtu wa chama chetu akila, aandikwe. Tukishindwa hilo, tukishika halmashauri kesho tutaweka vikundi hewa vyetu.

Sasa zamu yako. Gazeti linamtii anayelilipa. Wewe usipolilipa, halmashauri italilipa, na ukurasa wa tisa utaamua kinachoandikwa ukurasa wa kwanza. Changeni hapo kijiweni, mnunue nakala moja msome watu kumi, lakini lile tu linalochimba. Likiandika "amezindua" wiki nzima, liacheni lifungie maandazi. Nendeni ofisi ya kata, muulize orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, mtafute majina yenu humo. Mkiona ya ajabu, tuleteeni nyaraka, wala msitaje majina yenu.

Orodha ile ya 2022 bado ninayo. Safari hii siitoi kwa anayepokea matangazo yao. Na wewe uliyewahi kutoa kitambulisho chako kwa ajili ya semina, una uhakika wewe si mwenyekiti?