Wanaasi Wakinyimwa, Wanatii Tukiumizwa

Vijana wenzangu wa Majengo, ya Meru na ya Embu.

Juzi baada ya Isha tulikuwa tumekaa barazani, ubishi ukawaka. Mmoja anasema yuko na mbunge fulani kwa sababu ameasi, amemkataa mkubwa wa chama, ni mtu wa msimamo. Mwingine anasema huyo ni msaliti tu, chama kilimpa tiketi akakigeuka. Nusura washikane mashati. Mimi nikauliza kitu kimoja: ameasi juu ya nini? Kimya. Hakuna aliyejua, hata yule aliyekuwa tayari kumpigania.

Tuanzie Embu, kisa cha huko bado kibichi. Uchaguzi wa 2022 Justin Muturi alikuwa kiongozi wa chama cha DP, na Geoffrey Ruku akaingia bungeni kwa Mbeere Kaskazini kwa tiketi ya chama hicho hicho. Muturi akawa Mwanasheria Mkuu, halafu Agosti 2024 akapewa Wizara ya Utumishi wa Umma. Januari 2025 akajitokeza hadharani kueleza jinsi mwanawe alivyotekwa Juni 2024, na akaitaka serikali aliyokuwa ndani yake ijibu kuhusu vijana wanaotekwa. Machi 2025 akafutwa kazi. Na kile kiti akapewa nani? Ruku. Mbunge wa chama chake mwenyewe.

Simtakasi Muturi. Aliapishwa kuwa waziri wiki chache baada ya mwanawe kutekwa, na sauti yake tukaisikia Januari. Sisi Waislamu wa nchi hii tumelilia ndugu zetu waliochukuliwa usiku tangu zamani, wakati huo yeye alikuwa Spika, na sikumbuki akilia na sisi. Lakini angalau mara hiyo moja aliasi juu ya jambo linalomhusu mtoto wa kila mtu.   Kiti chake kikakaliwa, maisha yakaendelea.

Sasa tazama waasi wanaofaulu. Mei 2020 Kithure Kindiki, jirani yetu wa Tharaka Nithi, alikuwa Naibu Spika wa Seneti. Uhuru Kenyatta akiwa kiongozi wa Jubilee alikuwa anawaandama waliomfuata William Ruto. Maseneta 54 wakapiga kura kumng'oa Kindiki. Mwezi uliofuata akafuata Aden Duale, akapoteza uongozi wa walio wengi bungeni. Wengi wetu tuliwahurumia. Tulisema hawa wanaonewa kwa sababu wamekataa kuinama. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, wallahi.

Miaka minne baadaye, Juni 2024, Waziri wa Usalama wa Ndani alikuwa nani vijana walipopigwa risasi barabarani? Kindiki huyo huyo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa kufikia mwanzo wa Julai. Mwasi wa jana ndiye aliyekuwa msimamizi wa polisi wa leo. Na Oktoba mwaka huo, zamu ya Rigathi Gachagua kuitwa mwasi ilipofika, wabunge 282 wakapiga kura aondoke, 44 wakakataa, Seneti ikamaliza kazi, na Kindiki akaapishwa Naibu Rais tarehe 1 Novemba.

Ninachotaka mkiangalie ni siku iliyo katikati. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya Mswada wa Fedha. Hiyo ndiyo siku tuliyowaomba waasi. Tuliwapigia simu, tuliwaandikia, vijana walitembea kwa miguu Meru na Embu kama Nairobi na Mombasa. Tulitaka kitu kimoja: mara hii usimsikilize kiongozi wa chama, tusikilize sisi. Wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema hapana. Walikuwepo wachache wa upande wa serikali waliokataa, Mwenyezi Mungu awalipe, na walikuwepo wa upinzani waliokubali. Kesho yake Rais mwenyewe akauondoa ule mswada. Kwa hiyo wale 195 walimtii mkubwa hadi mkubwa akawaacha kwenye mataa.

Hapo ndipo nilipoielewa siasa ya nchi hii. Mheshimiwa haasi kwa sababu ya unga, wala kwa sababu ya kitambulisho ambacho kijana mwenye jina la Kiislamu anazungushwa nacho mpaka nyanya yake aulizwe alizaliwa wapi. Anaasi akikosa uwaziri au akihisi tiketi inampita. Sisi tukiumia, ghafla anakumbuka nidhamu ya chama.

Kuna ndugu ataniambia, akhi, chama bila nidhamu ni soko. Nakubali kabisa. Meru tumeonja upande huo pia. Kawira Mwangaza alishinda 2022 bila chama, na wawakilishi wadi wakamwondoa mara tatu, 2022, 2023 na 2024, mpaka Mahakama Kuu ikakubali aondoke Machi 2025. Nani alikuwa na haki, kila mtu ana jibu lake. Ninachojua ni kwamba barua yetu ya mtaro ilikaa katika ofisi moja hapa mjini, na kila tukiuliza tunaambiwa tungoje mambo yatulie. Kwa hiyo siombi fujo. Naomba nidhamu iwe kwa ahadi zilizoandikwa, isiwe kwa mtu mmoja na simu yake.

Na mbona waasi hawahami vyama? Mbona mtu anamtukana kiongozi wa chama kila Jumapili na bado amekalia kiti cha chama hicho? Kwa sababu Kifungu cha 103 cha Katiba kinasema ukijiuzulu kutoka chama kilichokupeleka bungeni, kiti kinaenda. Sheria hiyo ina historia. Mwaka 1966 Oginga Odinga alitoka KANU, wenzake wakamfuata, na serikali ikakimbia kupitisha sheria kwamba anayehama arudi kwa wapiga kura. Viti 29 vikapigiwa kura upya. KPU ikapata 9. Walibanwa kila upande, walichezewa, lakini walikwenda kwa wananchi wakasema: tumeasi kwa sababu hizi, tuchague au tukatae. Hao nawaita waasi. Wa siku hizi wanataka utamu wa uasi na mshahara wa utii.

Sisi wapiga kura tuna nini mkononi? Kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha utaratibu uliowekwa na sheria, na mimi sijaona hata mbunge mmoja aliyerudishwa na watu wake. Chama kina kamba ya kumvuta. Sisi hatuna hata uzi.

Kwa Majengo shida inazidi. Sisi ni wachache, katika kaunti hizi mbili Muislamu kushinda wadi ni kazi nzito. Kwa hiyo tunaambiwa tungoje viti vya uteuzi. Na mteule anamwogopa nani? Si mimi na wewe. Mei 2020 Jubilee ilitangaza kuwafukuza maseneta watano wateule kwa mpigo kwa sababu hawakuonekana Ikulu walipoitwa. Wabunge wa kuchaguliwa waliokuwa kambi hiyo hiyo wakabaki na viti vyao. Mteule wetu akiona hivyo, atasimama kutetea kitambulisho chako? Atasimama kupiga picha ya futari, basi.

Lakini msidharau hesabu. Novemba 2025 kiti alichoacha Ruku kilipigiwa kura, UDA ikaishinda DP kwa kura zisizofika 500. Mia tano! Ijumaa hatujamaliza safu tumeshafika idadi hiyo.

Tiketi inaamuliwa kwenye mchujo, na mchujo unafanywa na wanachama. Mwaka 2021 Wakenya waligundua wameandikishwa vyama wasivyovijua, kwa hiyo huenda hata wewe una chama na hujui. Ingia eCitizen, huduma ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, angalia jina lako liko wapi. Kama si chaguo lako, toka. Kisha chagueni chama mkiwa wengi, muingie pamoja, na yeyote atakayekuja kutafuta tiketi kabla ya Agosti 2027 aulizwe mbele ya watu: chama kikisema ndiyo na Majengo ikisema hapana, utapiga kura gani? Arekodiwe akijibu.

Jumamosi baada ya Asr nitakuwa pale barazani na simu yenye bando. Njoo na kitambulisho, tuangalie majina. Asiye na kitambulisho aje pia, tuandike anazungushwa tangu lini.