Tumtambue Bata Kabla ya Kumshika

Mvua za masika zinapojaza mitaro na madimbwi kandokando ya barabara zetu, aghalabu hutokea bata asiyefanana na wale tuwafugao, amesimama wima juu ya miguu mirefu na shingo ameinyoosha. Na maadamu wapita njia hawamjui, hakosi wa kusema kuwa ni mali ya mtu iliyopotea, wala hakosi wa kuokota jiwe. Rai yangu ni kuwa lazima atazamwe kwanza, kwani dalili zake zi dhahiri kwa mwenye kutaka kuziona.

Uso wake ni mweupe kana kwamba umepakwa chokaa, ilhali kisogo na shingo kwa nyuma ni nyeusi ti. Kifua kina rangi ya hudhurungi, na ubavuni ana mistari myembamba myeusi na myeupe iliyopangika kwa ustadi wa ajabu. Dume na jike hawatofautiani rangi. Arukapo hupiga mluzi wa sauti tatu, nao husikika hata usiku, kundi liendapo kutafuta mbegu. Wataalamu humwita Dendrocygna viduata, na wa aina yake wapo Afrika na Marekani ya Kusini pia. Asichanganywe na bata wa kufugwa mwenye vinundu vyekundu usoni, wala na yule mkubwa wa porini ambaye dume lake huota nundu juu ya mdomo.

Wako wadhanio kuwa elimu hii ni anasa ya wasomi. Hasha! Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, ndege wa mashamba ya mpunga wametegwa kwa chambo kilichotiwa dawa ya kuulia wadudu, na nyama yao ikauzwa ikaliwa. Basi bata asiyeruka ajapokaribiwa, ingawa yamkini anabadilisha manyoya tu, kwa kuwa bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, huenda pia amekula sumu, na amchukuaye jikoni awapelekea wanawe sumu hiyo.

Nawasihi walimu wawatoe watoto darasani wakati wa masika, wawafundishe kutazama mdomo, uso, miguu na mruko. Na akionekana bata mwenye pete mguuni, namba zake ziandikwe na kupelekwa kwa maofisa wa wanyamapori au jumba la makumbusho, kwani watafiti humvisha ndege pete hiyo ili wajue safari zake.