Nirudishieni Bibi Yangu!

Ndugu wapiga picha, leo sina simile. Bibi yangu Mnyaturu alikuwa mweusi tii, na paji lake limejaa mikunjo. Alipofariki nikapeleka picha yake ya pekee studio moja hapa Singida mjini, waondoe doa la maji na kuikuza. Nikakabidhiwa bibi mwingine: mweupe pee, shavu laini kama la binti wa kalenda! Kijana wa kompyuta anacheka: "Nimempendezesha, braza."

Nani kakutuma?

Zamani tulilaumu filamu, na kweli, Kodak walipimia rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, sisi tukatoka masizi. Kamera ya dijitali haina kisingizio hicho. Pimia mwanga usoni, kwepa jua la saa sita, ngoja la jioni kule Singidani. Weusi utang'aa wenyewe. Hata Photoshop, iliyotoka 1990, inafuta doa bila kugusa ngozi.

Waandishi wenzangu, msicheke. Warembo wa hadithi zenu mbona wote weupe? Mimi riwaya yangu inaanza na mikunjo ile ya bibi.

Na picha ya karatasi? Eti hawaioni.