Kadi ya siriali kwanza, swichi mpya baadaye

Wale wa UE nawaombea, wale mnaosubiri bumu poleni sana, tuko pamoja kwenye hili jua. Leo nina hoja moja ambayo najua itawaudhi baadhi yenu, hasa wana wa kompyuta mnaopenda vifaa vipya vinavyong'aa. Hoja yenyewe ni hii: chuo kikipata hela kidogo ya kurekebisha mtandao, kisikimbilie swichi mpya. Kinunue kadi za siriali, kizipachike kwenye ruta ya zamani iliyolala stoo, na hiyo ruta iwe mlango wa nyuma wa kuingilia vifaa vingine mtandao ukifa. Mwenye mawe ayaandae, mimi naendelea.

Kwa wale wa sheria na uhasibu, ngoja niwaeleze taratibu. Karibu kila swichi na ruta ya maana ina tundu dogo linaloitwa konsoli. Hilo tundu kwa kawaida linaongea lugha ya kizee kabisa, RS-232, kiwango kilichoanza mwaka 1960, na mara nyingi mwendo wake ni 9600 tu. Polepole kama daladala ya asubuhi. Lakini lina sifa moja kubwa: halihitaji mtandao. Kifaa kikipoteza anwani yake, mipangilio ikivurugika, hata kikigoma katikati ya kuwaka, konsoli mara nyingi bado inakuonyesha nini kinaendelea. Tatizo ni kwamba lazima mtu asimame pale pale na laptopu na kebo.

Sasa hapo ndipo inapoingia seva ya konsoli. Ni boksi lenye poti nyingi za siriali, kila poti imeunganishwa na konsoli ya kifaa kimoja. Fundi anaingia kwenye hilo boksi akiwa popote, anachagua poti, tayari yuko ndani ya kifaa kana kwamba kasimama mbele yake. Wazee wanaikumbuka Cisco 2511, ilikuwa na laini 16. Ukitaka laini ya kwanza unagonga poti 2001, ya mwisho 2016. Basi. Ukiwa na kifaa cha 17, ulikuwa unanunua boksi jingine zima.

Kadi ndizo zilizobadilisha hesabu hiyo. Chukua ruta kama Cisco 2811: ina nafasi moja ya kadi kubwa na nafasi nne za kadi ndogo. Kadi kubwa ya NM-16A inakupa poti 16, NM-32A inakupa 32, na kadi ndogo za HWIC zinakuja za poti 8 au 16. Maana yake unaanza na kidogo, ukikua unaongeza. Mambo ya kujenga nyumba kwa awamu hayo, tunayajua vizuri sana hapa kwetu! Na ruta za vizazi vilivyofuata nazo zina kadi zake, kwa hiyo hili si wazo la makumbusho.

Najua swali la kwanza: "Kwani SSH haipo?" Ipo, ndugu yangu. Lakini SSH inapita kwenye mtandao ule ule uliokufa. Ni sawa na kumpigia simu mtu aliyepoteza simu yake ili umwambie imepotea.

Na msidhani haya ni matatizo ya vyuo maskini. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba amri moja ya matengenezo iliangusha mtandao wao wa ndani, na njia ya pembeni ya kuingilia vifaa nayo haikupatikana, ikabidi wahandisi waende kwa miguu yao mpaka kwenye vituo. Tarehe 8 Julai 2022 ikawa zamu ya Rogers kule Kanada. Watu zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma, malipo ya kadi yakakwama nchi nzima. Sababu mojawapo ya kuchelewa kurekebisha: mtandao wa kusimamia vifaa ulitegemea mtandao ule ule ulioanguka. Ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba.

Rudi kampasi sasa. Mtandao ukikata wiki ya usajili wa kozi, nani anaumia? Fundi yuko peke yake, majengo yametawanyika, anatembea na laptopu kwapani kutoka jengo hadi jengo, na kwenye baadhi ya majengo mwenye ufunguo wa chumba kaenda msibani. Mwanafunzi anangoja. Tarehe ya mwisho haingoji. Asiyesajiliwa kozi hana matokeo, na asiye na matokeo mnajua anapoelekea. Kwa hiyo wanaosema hii ni ishu ya mafundi tu, hapana. Ni ishu ya aliyekopa nauli kuja chuoni.

Ila nami sitaki kuuza mbuzi kwenye gunia. Kuna mambo manne lazima yasemwe.

Moja, kadi isiwekwe kwenye ruta kuu ya chuo. Ruta kuu ikifa, kadi inakufa nayo. Iwe kwenye ruta ya pembeni, yenye njia yake ya kutoka, mfano modemu ya laini ya simu ya mkononi, na umeme wa akiba. Bila hivyo tumerudia ya Rogers.

Mbili, kebo. Kadi ya NM-32A haina matundu 32 ya kawaida usoni. Ina viunganishi vinne vikubwa, kila kimoja kinataka kebo maalumu yenye vichwa vinane. Kebo ya kadi kubwa si ya kadi ndogo. Anayenunua kadi bila kebo kanunua pambo. Na kabla ya kuipachika kwenye 2811 zima ruta kwanza, manake hiyo haipokei kadi kubwa ikiwa inawaka.

Tatu, umbali. Kiwango cha zamani cha RS-232 kilitaja kebo ya mita 15 hivi. Kwa hiyo kadi ya poti 32 ni ya chumba cha seva, ambako vifaa vimerundikana. Jengo la mbali lenye swichi tatu linatosha kwa kadi ya poti 8. Tusinunue ukubwa kwa sifa.

Nne, na hili ndilo zito: usalama. Ruta nyingi za Cisco, mtu aliyeshika konsoli akiizima na kuiwasha, akatuma ishara ya kukatiza ndani ya sekunde 60, anaweza kubadilisha nywila. Ukiweka konsoli 32 nyuma ya mlango mmoja, huo mlango ndio roho ya chuo. Na ruta za 2800 msaada wa mtengenezaji ulikwisha 2016, hakuna viraka vipya. Kwa hiyo isikae wazi kwenye intaneti hata siku moja. Itanguliwe na kifaa kinachopata viraka, watu wachache wenye majina yao, na kumbukumbu ya nani kaingia saa ngapi. Chuo kikiwa na uwezo wa kununua ruta ya kizazi kipya yenye kadi hizi, vizuri zaidi. Kikiwa hakina, ya zamani iliyofungwa vizuri bado inashinda miguu ya fundi mmoja.

Halafu kuna faida ambayo haizungumzwi. Sisi wana wa mitandao wengi tunamaliza mwaka wa tatu tumegusa ruta za kwenye skrini tu. Ruta moja yenye kadi, ikiunganishwa na vifaa sita vya zamani maabara, inaruhusu darasa zima kufanya mazoezi kwa zamu hata usiku, bila kugombania kebo moja. Hiyo iwe tofauti kabisa na ile ya uzalishaji, tusije tukaangusha chuo kwa kusoma!

Swichi mpya inapendeza kwenye picha ya uzinduzi, kadi ya siriali haipigwi picha na mtu. Lakini siku mtandao ukikata saa nne usiku, kesho ndiyo mwisho wa usajili, mimi namtaka fundi aliye nyumbani kwake, anafungua laptopu, anachagua poti ya 7. Mnasemaje wadau? Wenye hoja tofauti karibuni, matusi wekeni pembeni.

Nawakilisha.