Presha Haimfukuzi Mtu Angani

"Mtu ana presha halafu anataka kurusha ndege, huko si kutafuta kuua watu?" Kauli hii husemwa kwa kujiamini sana, vijiweni Singida mjini na hata maofisini, kila unapozuka mjadala wa nani anafaa kuwa rubani. Waisemao huiona hekima. Ni uvivu wa kufikiri. Hao hao watapanda basi la Mwanza, washushwe Mlima Sekenke na dereva ambaye hawajui kama amemeza dawa zake, wala kama mwenyewe anajua kwamba ni mgonjwa, na bado watasinzia hadi Nzega.

Tuanze na kanuni, kwa kuwa wabishi hawa hawajawahi kuzisoma. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na vigezo vya afya ya marubani hutokana na Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Rubani binafsi, yule asiyebeba abiria wa kulipa, hutakiwa cheti cha afya cha daraja la pili, chepesi kuliko cha rubani wa biashara. Presha iliyotulizwa kwa dawa zisizoathiri urukaji inakubalika. Kisukari kinachodhibitiwa kwa mlo, au kwa mlo na vidonge vinavyofaa, kinakubalika. Cha sindano za insulini ndicho kinachofunga mlango. Mwenye VVU huchunguzwa hali yake kwanza, hakataliwi kwa kutajwa tu virusi. Na hata aliyepungukiwa na kigezo, wataalamu wa tiba wanaweza kupima ugonjwa wake pamoja na ujuzi na uzoefu wake, wakaridhika kwamba hahatarishi usalama, akapewa leseni yenye masharti. Wapo hata wanaoamini miwani humwondolea mtu sifa ya urubani. Kwao miwani ya kusomea ni kilema, ila miwani myeusi ya rubani wa kwenye filamu ni ushujaa.

"Je, akizimia angani?" Swali hilo ndilo ambalo daktari mpimaji wa marubani ameteuliwa kulijibu. Hatazami jina la ugonjwa. Anatazama uwezekano wa mtu huyu kupoteza uwezo ghafla akiwa kwenye usukani. Mwenye presha inayojulikana, yenye vipimo vya miezi mingi na dawa isiyorukwa, ana jibu mkononi. Wa kuogopwa ni yule mwenye presha asiyewahi kupimwa, anayejiita mzima kwa sababu tu haumwi kichwa. Kifafa ni habari nyingine, na hakuna mwenye akili anayekitetea hapa.

Ubaya wa imani hii ni kwamba inafundisha watu kuficha. Ukishamwambia rubani kwamba ugonjwa wowote ni mwisho wa leseni, umemwambia asiende kliniki. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa shirika la ndege la Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps, Ufaransa, wakafa watu 150. Alikuwa na cheti halali cha afya. Alikuwa pia na karatasi za madaktari za kumpumzisha kazi, na mwajiri wake hakuzijua. Wachunguzi wa Ufaransa walitaja hofu ya kupoteza haki ya kuruka miongoni mwa mambo yaliyochangia. Wabishi hupenda kuitaja ajali hiyo kana kwamba inawatetea! Cheti peke yake hakijawahi kumponya mtu. Tunazijua fomu za afya za kuanzia kazi na za kidato cha tano, zinazogongwa muhuri kabla aliyezileta hajakaa kwenye kiti.

Marekani wameonyesha kwamba ipo njia nyingine. Tangu Mei 2017, chini ya utaratibu uitwao BasicMed, rubani binafsi aliyewahi kuwa na cheti anaweza kupimwa na daktari wa kawaida kila miaka minne, mradi ndege ni ndogo na anasoma kozi ya afya kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2021 mamlaka yao ya anga iliripoti kwa bunge kwamba haikuona tofauti ya hatari kati ya marubani hao na wenye cheti cha kawaida. Hapo utaambiwa, "Sisi si Wamarekani." Kweli, lakini mashine ya kupimia presha ipo Makiungu na ipo Itigi, huku huku Singida, na faili la kliniki la huko ndilo ushahidi ambao daktari mpimaji anauhitaji.

Kanuni za leseni za urubani nchini zimeandikwa kwa Kiingereza, na uvumi wa vijiweni unasambaa kwa Kiswahili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ichapishe kwa Kiswahili chepesi ni magonjwa gani yana njia, njia hiyo inapita wapi na inadai vipimo gani. Nawe mwenye presha unayetaka leseni, usijifiche: nenda kwa mpimaji na faili lako lote.