Nyumba Njema si Mlango

Ndugu msomaji, tumchukue mstaafu mmoja kuwa mfano. Kwa fedha zake za kiinua mgongo amenunua nyumba ya kupangisha kule Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Mauziano yamekamilika, kuta zimepakwa rangi, na mpangaji anabisha hodi na pango la miezi sita mkononi. Je, ampe ufunguo leo?

La, asifanye haraka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mlingotini ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, na upepo wake hubeba chumvi. Chumvi hiyo hula misumari na mabati polepole, nayo rangi huficha tu. Hivyo, kabla mvua za masika hazijaanza mwezi Machi, yafaa fundi apande juu akague paa. Kisima nacho kitazamwe, kwani karibu na bahari maji huweza kuingia chumvi. Shimo la choo likiwa karibu na kisima hicho, watakaougua kwanza ni watoto wa mpangaji.

Pili ni mapatano, nayo yaandikwe: pango ni kiasi gani, nani atatengeneza kitasa kikiharibika, na ni lini mwenye nyumba aweza kuja kukagua. Ajapo, apige hodi kama mgeni. Umeme nao usisahauliwe. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Anunuaye ni mpangaji, lakini adaiwaye kodi ni mwenye nyumba. Basi fedha hiyo ipunguzwe katika pango. Ni shilingi chache kwa mwezi, lakini ugomvi mwingi huanzia hapo.

Tatu, pango la kwanza lisiliwe lote. Sehemu yake iwekwe akiba ya mabati na misumari, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na mstaafu hana kiinua mgongo cha pili.

Mpangaji asemaye mapema kwamba paa linavuja ni mlinzi asiyedai mshahara. Akipuuzwa atanyamaza, na siku atakapohama ndipo hasara itakapoonekana. Basi, ndugu msomaji, kama unayo nyumba ya namna hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda ukabishe hodi, umuulize ni kitu gani kinamsumbua, kisha umsikilize.