Nyumba ya kwanza Kolwezi: hesabu ianzie chini ya sakafu

Vijana wengi wa Kolwezi wanaolipwa mshahara na kampuni za madini hufanya hesabu ileile: nunua nyumba sasa, ishi humo miaka michache, kisha ipangishe na uhamie kwingine. Si hesabu mbaya. Tangu mji ulipofanywa makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015, wanaotafuta pa kulala wamezidi kuongezeka.

Kasoro ni kwamba mnunuzi hukagua bati, kisima na nyaya za umeme, halafu anatoa pesa bila kuuliza kilicho chini ya sakafu.

Kasulo lingetosha kuwa somo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya mtaa huo, na mashimo yakachimbwa katika viwanja, mengine ndani ya nyumba zenyewe. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, na mamia ya familia zikahama. Katika Cité Gécamines, Amnesty International ilieleza mwaka 2023 jinsi wakazi walivyokuwa wakiondolewa kupisha mgodi uliofunguliwa tena mwaka 2015. Hizo hazikuwa vibanda vya porini. Zilikuwa nyumba za mjini, zenye ua na wapangaji.

Sheria haifichi jambo hili. Ile ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola. Mkongo hupewa haki ya kudumu ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha mhifadhi wa hati za ardhi. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018, inatenganisha madini na uso wa ardhi, na inamtaka mwenye kibali kumlipa fidia aliyeko juu. Lakini nyumba nyingi bado huuzwa kwa karatasi ya mauziano na sahihi ya chifu, kwa sababu ni rahisi na ya haraka. Siku ya kujadili fidia, mwenye karatasi hiyo huketi mwisho wa meza. Na aliyepangisha kwa mdomo tu atathibitishaje kodi aliyopoteza?

Ramani ya vibali vya madini iko kwa Kadasta ya Madini, na si siri. Jimbo lingeweza kuagiza kwamba hakuna mauziano ya nyumba yatakayoidhinishwa mjini kabla ramani hiyo haijafunguliwa mbele ya mnunuzi. Agizo hilo halihitaji bajeti kubwa. Anayekimbilia nje, upande wa bwawa la Nzilo, naye aitazame. Umbali peke yake si cheti.

Baki la hesabu ni mpangaji. Naye mara nyingi hula kwa mgodi uleule. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje tarehe 22 Februari 2025, kwanza kwa miezi minne, kisha ikaongeza. Mfumo wa viwango maalumu ulianza katikati ya Oktoba. Dhamana ya mpangaji wa nyumba ya kuishi, kwa sheria ya mwaka 2015, haizidi miezi mitatu. Aliyenunua kwa deni, akitegemea kodi hiyo ilipe deni, alipaswa kuwa na akiba ya miezi mitano iliyobaki.